Kulenga Kisichotulia: Kamera, Mwendo na Utafiti wa Fasihi Simulizi katika Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kamera, kinyume na macho, ina pazia. Pazia hilo hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa ukope, kisha hufungwa. Kilicholengwa barabara katika muda huo hubaki; kisicholengwa hupotea. Makala haya yananuia kueleza jinsi kamera ya dijitali yenye kioo na lenzi za kubadilisha inavyolenga kitu kinachokwenda mbio, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili ambaye pengine hajawahi kujiona kuwa mpiga picha.

Huenda msomaji akajiuliza: kamera na fasihi wapi na wapi? Jawabu langu linatokana na mkasa ulionipata mwenyewe. Mapema mwezi wa Agosti 2024 nilikwenda katika kijiji kimoja cha Wilaya ya zamani ya Bungoma kukusanya data ya tasnifu yangu kuhusu utendaji katika nyimbo za jando za Wabukusu. Jamii hiyo hutahiri wavulana mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa. Aliyekosa kuona jando la 2024 hana budi kungoja 2026, na kufikia wakati huo mimi nilitarajiwa niwe nimekwisha kuwasilisha tasnifu. Nilikuwa nimeazima kamera ya rafiki, nikanunua kadi mpya ya kumbukumbu, nikadhani nimekamilika.

Alfajiri, umati ulirejea kutoka mtoni huku wimbo wa sioyaye ukivuma. Mvulana alikuja mbele akiwa amepakwa matope, watu wamemzunguka, vumbi likipanda. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Jioni nilipozifungua katika tarakilishi, nilikuta migomba iliyokuwa nyuma ya umati imetokea vizuri, jani kwa jani, ilhali mvulana mwenyewe alikuwa kivuli cha rangi ya udongo. Uso wake haukuonekana. Kamera haikuwa na hitilafu yoyote. Hitilafu ilikuwa yangu, kwa kuwa sikujua chombo nilichokishika kinafanya kazi vipi. Yanayofuata ni yale niliyojifunza baada ya aibu hiyo.

Kulenga ni nini?

Lenzi ya kamera hukusanya miale ya nuru inayotoka katika kitu na kuikutanisha nyuma yake. Miale ya kitu kilicho umbali fulani hukutana mahali fulani. Kitu kikisogea, mahali pa kukutania nako husogea. Kulenga, basi, ni kusogeza vioo vilivyo ndani ya lenzi hadi miale ikutane barabara juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha badala ya filamu ya zamani. Miale ikikutana mbele au nyuma ya kihisi, kila nukta hugeuka kuwa duara, na maduara hayo yakipandana picha huwa na ukungu.

Kwa bahati nzuri kuna ustahimilivu kidogo. Mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa kuna eneo ambalo bado huonekana kwa uangavu wa kuridhisha. Eneo hilo nitaliita kina cha uangavu. Kina hiki hupungua lenzi inapokuwa ndefu, tundu lake linapofunguliwa sana, na kitu kinapokuwa karibu. Mathalani, kwa kamera ya kawaida ya bei nafuu, lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa hadi tundu la f/2.8, ikilenga mtu aliye umbali wa mita 10, hutoa kina cha takribani robo mita tu. Mtu anayekimbia kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde huvuka robo mita kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Hapo ndipo ugumu wote wa kupiga picha za mwendo ulipo: kufumba na kufumbua, mlengwa hayupo tena pale alipolengwa.

Historia kwa ufupi

Kwa miongo mingi kazi ya kulenga ilifanywa na mkono wa mpiga picha. Wapiga picha wa Kenya waliokimbizana na magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, walilenga kwa vidole. Miongoni mwao alikuwa Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 na kufariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Mbinu moja iliyotumiwa sana na wapiga picha wa zama hizo ni kulenga mapema mahali ambapo gari lingepita, kama vile jiwe au kona, kisha kungoja. Ni mbinu ya mwindaji anayeketi penye kijito badala ya kumkimbiza swala, na mpaka leo haijapitwa na wakati.

Kamera ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujilenga yenyewe ni Konica C35 AF ya mwaka 1977. Mwaka 1985 kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa modeli ya 7000, kamera yenye kioo ambayo mota ya kulenga ilikuwa ndani ya mwili wake, nayo ikabadilisha soko zima. Canon ilifuata kwa mfumo wake wa EOS mwaka 1987. Mwaka 1988 Minolta 7000i ilikuja na uwezo wa kutabiri mwendo wa kitu. Zama za dijitali zilipoingia, Nikon ilitoa D1 mwaka 1999 kwa ajili ya waandishi wa habari, na mwaka 2003 Canon ikatoa 300D, kamera ya dijitali yenye kioo iliyouzwa kwa chini ya dola 1,000. Tangu hapo chombo hiki kilianza kutoka mikononi mwa mashirika makubwa ya habari na kuingia katika studio za miji yetu.

Ndani ya kamera: njia ya nuru

Mtumiaji anapotazama ndani ya kitazamio, nuru aionayo imeingia kupitia lenzi, ikagonga kioo kikuu kilicholazwa mshazari, ikapanda juu hadi jichoni. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba sehemu ya kati ya kioo hicho hupitisha nuru kidogo. Nuru hiyo inayopenya hukutana na kioo cha pili, kidogo, kilichofichwa nyuma ya kile kikubwa. Kioo hiki cha pili huirusha chini, kwenye sakafu ya kamera, ambako kuna vihisi maalumu vya kulengea.

Kuelewa kazi ya vihisi hivyo, nyoosha kidole mbele ya uso wako, kisha fumba jicho la kushoto na baadaye la kulia. Kidole kitaonekana kinaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kikiwa karibu huruka sana. Kikiwa mbali huruka kidogo. Ubongo hutumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Kamera nayo hufanya vivyo hivyo: huchukua nuru iliyopita upande mmoja wa lenzi na ile iliyopita upande wa pili, kisha huunda taswira mbili ndogo za kitu kilekile na kuzilinganisha. Taswira hizo zikiwa katika nafasi inayotakiwa, kitu kimelengwa. Zikikaribiana kupita kiasi, lenzi imekosea upande mmoja. Zikiachana kupita kiasi, imekosea upande wa pili.

Ubora wa njia hii ni kwamba kipimo kimoja huiambia kamera mambo mawili kwa pamoja: lenzi isogee upande gani, na isogee kiasi gani. Ilinganishe na njia nyingine iliyotumiwa na kamera ndogo za mfukoni, ambayo huchunguza tofauti ya weusi na weupe katika picha. Njia hiyo ni sawa na mtu anayetafuta stesheni ya redio kwa kuzungusha kitufe: huipita, hurudi, huipita tena, mpaka sauti iwe safi. Kwa jengo lililosimama njia hiyo ni sahihi na haina neno. Kwa mvulana anayekimbia, mpaka stesheni ipatikane, wimbo umekwisha.

Msomaji asidhani kwamba kioo kile cha pili, kwa udogo wake, ni kitu cha kupuuzwa. Mwaka 2007 Canon ilitoa kamera ya EOS-1D Mark III mahususi kwa wapiga picha za michezo. Baadhi ya wanunuzi walilalamika kwamba haishikilii wakimbiaji ipasavyo. Mwaka huohuo kampuni ilikiri kuwa katika baadhi ya kamera hizo kioo cha pili kilikuwa na kasoro, ikajitolea kuzirekebisha. Usogeo mdogo mno wa kioo cha ukubwa wa kucha ulitosha kuitia dosari kamera ya maelfu ya dola.

Vituo vya kulengea

Ukitazama ndani ya kitazamio utaona vijiduara au vijisanduku kadhaa. Hivyo ni vituo vya kulengea. Kila kimoja kinawakilisha kihisi kilichoko sakafuni. Vituo havilingani kwa uwezo. Kituo cha kawaida husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu. Kikielekezwa kwenye shati jeupe tupu au ukuta usio na alama, hakina cha kulinganisha, na lenzi hubaki ikienda mbele na nyuma ikivuma kama nyuki aliyepotea mzinga. Kituo cha msalaba husoma mistari ya wima na ya mlalo, kwa hiyo hakishindwi kwa urahisi.

Tofauti baina ya kamera na kamera huonekana hapa. Nikon D90 ya mwaka 2008 ilikuwa na vituo 11, kimoja tu cha katikati kikiwa cha msalaba. Nikon D300 ya mwaka 2007 ilikuwa na vituo 51, na 15 kati yake vya msalaba. Canon 7D ya mwaka 2009 ilikuwa na vituo 19, vyote vya msalaba. Nikon D500 ya mwaka 2016 ilifikisha vituo 153, na 99 vikiwa vya msalaba. Kamera niliyoazima ilikuwa na vituo 11 na msalaba mmoja. Mimi, kwa kutojua, nilikuwa nimeuhamisha ulengaji kwenye kituo cha pembeni ili picha zipendeze kwa mpangilio. Kwa maneno mengine, nilimwacha fundi na kumpa kazi mwanagenzi, tena gizani.

Nuru nayo ina sehemu yake. Katika eneo la Bungoma mwezi wa Agosti jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta mapambazuko hayachukui muda mrefu. Shughuli ya jando huanza kabla nuru haijakomaa. Vihisi vya kulengea huhitaji nuru ili vione mistari, ikipungua, hupapasa. Ndiyo maana kamera mbili zenye idadi sawa ya vituo zaweza kutofautiana sana alfajiri hata kama adhuhuri zinakaribiana.

Kumfuata na kumtabiri

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la kituo. Kamera hizi zina namna mbili kuu za kulenga. Namna ya kwanza hulenga mara moja, hufunga, na haibadiliki mpaka kidole kiondolewe. Namna ya pili hulenga mfululizo kwa muda wote ambao kidole kimebonyeza nusu. Katika kamera za Nikon huandikwa AF-C, na katika za Canon AI Servo. Mimi nilitumia ya kwanza. Nilifunga ulengaji mvulana alipokuwa hatua kumi kutoka kwangu, nikabonyeza alipofika hatua tatu. Kamera ilitii amri yangu: iliendelea kulenga hatua kumi, mahali ambapo sasa palikuwa na migomba.

Namna ya pili si kule kurudiarudia kulenga tu. Ina hesabu ndani yake, na sababu ya hesabu hiyo ni ya ajabu kidogo. Ili picha ipigwe, vioo vyote viwili lazima viinuke kuipisha nuru ifike kwenye kihisi kikuu. Vinapoinuka, vihisi vya sakafuni havipati nuru tena; vimekuwa vipofu. Kwa hiyo katika dakika ileile ambayo picha inazaliwa, kamera haimwoni mlengwa. Baina ya kubonyeza na kufunguka kwa pazia hupita muda ambao katika kamera za kawaida unaweza kukaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Mkimbiaji wa mita 5 kwa sekunde husogea nusu mita katika muda huo. Kama tulivyoona, kina cha uangavu chaweza kuwa robo mita tu.

Kamera hutatuaje tatizo hilo? Hutabiri. Hupima umbali mara kadhaa kabla ya kioo kuinuka, hupata kasi ya mlengwa na mwelekeo wake, kisha huisogeza lenzi mpaka mahali ambapo mlengwa atakuwa, si mahali alipo. Utabiri huu hufaulu mwendo ukiwa wa namna moja, kama wa gari au mkimbiaji katika mstari ulionyooka. Huyumba mwendo unapogeuka ghafla. Na mcheza ngoma hugeuka ghafla kwa makusudi. Huo ndio ufundi wake. Hivyo basi ngoma ni mtihani mgumu kuliko mbio.

Jinsi ya kusoma ukungu

Picha mbovu haina budi kuulizwa sababu ya ubovu wake, kama vile shairi lenye kasoro linavyoulizwa ni mizani au vina vilivyopotoka. Ukungu ni wa aina tatu. Kwanza, mlengwa ana ukungu lakini kitu kilicho mbele au nyuma yake kiko wazi: hilo ni kosa la kulenga. Pili, mwili wa mlengwa uko wazi lakini mikono na miguu imepakazika: pazia lilikuwa polepole mno. Tatu, picha nzima imepakazika kuelekea upande mmoja: mkono wa mpiga picha umetikisika.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine. Mtu asogeaye kwa mita 5 kwa sekunde, pazia likifunguliwa kwa sehemu ya 30 ya sekunde, huchora mstari wa sentimita 17 hivi. Likifunguliwa kwa sehemu ya 500, husogea sentimita 1 tu. Kununua kamera yenye vituo vingi hakutamponya mtu ambaye pazia lake ni la sehemu ya 30. Wengi hulaumu ulengaji kwa dhambi ya pazia.

Mazoezi ya Kitale

Baada ya fedheha ile nilirudi Kitale, ninakoishi. Pana mzee mmoja mwenye studio mjini aliyepiga picha za arusi na za michezo ya shule tangu zama za filamu. Nilimpelekea picha zangu. Alizitazama kimya, kisha akauliza:

"Kijana wangu, ulikuwa unapiga picha za migomba?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nampiga huyu mvulana."

"Basi kamera haikuambiwa."

Alinishauri nisijaribu kitu chochote kwa watu mpaka nizoee kwa vyombo. Kwa siku kadhaa nilisimama kando ya barabara ya kwenda Kapenguria, mahali pa salama, nikilenga bodaboda zinazokuja. Bodaboda yenye kasi ya kilomita 40 kwa saa husogea mita 11 kwa sekunde, nayo haigeuki ovyo, kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa kuanzia. Baadaye nilihamia kwenye uwanja wa shule moja ambako wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya mbio na kandanda. Mafunzo niliyoyapata yanaweza kufupishwa hivi.

Kwanza, tumia ulengaji wa mfululizo, na anza kumfuata mlengwa sekunde moja au mbili kabla ya kupiga. Utabiri huhitaji vipimo kadhaa. Kamera iliyoshtukizwa haina cha kukokotoa.

Pili, tumia kituo cha katikati, hasa kwa kamera ya bei nafuu. Picha isiyo na mpangilio mzuri yaweza kukatwa baadaye. Isiyolengwa haina dawa.

Tatu, kiweke kituo kifuani, penye mistari ya nguo au shanga, au usoni mtu akiwa karibu. Epuka anga tupu na vitambaa vya rangi moja.

Nne, weka pazia kwa sehemu ya 500 ya sekunde au haraka zaidi, hata kama itabidi kuongeza wepesi wa kihisi kupokea nuru na kuvumilia chembechembe katika picha. Picha yenye chembechembe husomeka. Yenye ukungu haisomeki.

Tano, geuka kwa kiuno, si kwa mikono. Mzee alinifundisha kuyakandamiza mabega na kuzungusha kiwiliwili chote, kama mtu anayemgeukia mgeni kwa heshima.

Sita, lenzi ina uzito kuliko kamera. Lenzi fupi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha nuru takribani mara kumi kuliko ile ya kawaida inayokomea f/5.6, na bei yake si ya kutisha. Nuru hiyo ndiyo inayoruhusu pazia la haraka alfajiri.

Kurudi Bungoma

Mwishoni mwa Agosti nilialikwa kwenye jando lingine, upande wa Chwele. Safari hii nilikuwa na kamera ileile ya vituo 11, lenzi ya milimita 50 niliyoiazima kwa Mzee, na kinasa sauti. Sikupata picha mia mbili. Nilipata picha themanini hivi, na kati ya hizo thelathini zilikuwa na nyuso zinazotambulika. Mvulana alizigonga kengele zake, zile ziitwazo chinyimba, akageuka kumkabili mjomba wake, na kugeuka kule kukabaki.

Thamani ya picha hizo niliiona nilipozipanga kwa mfuatano na kuzilinganisha na sauti. Katika hafla niliyoishuhudia, waitikiaji walianza kukunja magoti na kumgeukia kiongozi wa wimbo kabla ya kiitikio kuanza, si pamoja nacho. Mwili ulitangulia sauti. Katika nakala yangu ya maandishi, mahali hapo pana mstari mtupu tu, kana kwamba hakuna kilichotendeka. Sidai kwamba kila wimbo wa jando huenda hivyo. Hafla moja haitoshi kuzaa kanuni. Ninachodai ni kwamba swali lenyewe lisingezuka kama ningebaki na migomba.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichochapishwa mwaka 1970, alisisitiza kuwa kazi simulizi huwepo inapotendwa. Kauli hiyo tunaikariri sana madarasani, kisha tunakwenda nyanjani na kurudi na maneno matupu. Chukua mfano wa kumuse, hotuba ya hekima ambayo Wabukusu huitoa katika matanga ya mzee aliyeheshimika. Msemaji wake hasimami mahali pamoja. Huenda na kurudi uwanjani akisema, akinyamaza, akisema tena. Mwendo huo ni sehemu ya usemi, kama vile kituo kilivyo sehemu ya shairi. Kwa kamera, mtu anayekuja na kurudi ni mlengwa mgumu, kwani kila anapogeuka utabiri huvunjika. Mtafiti aliyejua hilo atangoja ageuke, ahesabu hatua mbili, ndipo abonyeze.

Adabu na sheria

Uwezo wa kumlenga mtu si ruhusa ya kumpiga picha. Watahiriwa aghalabu ni watoto. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na data ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mtafiti pia anahitaji kibali cha NACOSTI kabla ya kwenda nyanjani. Zaidi ya sheria kuna utu. Mimi niliomba idhini ya baba, mjomba na mvulana mwenyewe siku moja kabla. Nilikubaliana nao kwamba ngariba atakapoanza kazi yake kamera itakuwa chini, na ikawa chini. Kuna mambo ambayo kuyaona si kuyamiliki.

Suala la istilahi

Msomaji ameona jinsi nilivyohangaika kutafuta maneno. Kihisi nilikichagua kwa kuwa neno sensa kwetu tayari ni la kuhesabu watu. Wapiga picha wa mitaani husema fokasi na kufokasi, na wanaelewana bila kamusi. Je, tuwafuate wao, au tushikilie kulenga, neno la wawindaji lililokuwako kabla ya kamera? Maoni yangu ni kwamba kulenga kuna faida ya kuzaa: mlengwa, ulengaji, kilengeo, kulengeana. Lakini istilahi isiyotumiwa studioni itabaki makaburini mwa majarida. Ingefaa wanachama wa chama chetu wazikusanye kwanza istilahi za mafundi wenyewe, Kitale, Bungoma na kwingineko, kabla ya kukaa vikao vya kubuni mpya.

Hitimisho

Kamera za kioo zinaelekea machweo. Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zote za mwaka 2020, ndizo kamera kuu za mwisho za aina hiyo kutoka kwa kampuni hizo mbili. Kamera zisizo na kioo, kama Nikon Z9 ya mwaka 2021, hupima umbali juu ya kihisi chenyewe na kutambua jicho la mtu. Zina bei ambayo mwanafunzi wa uzamili haiwezi. Kwa sababu hiyohiyo kamera za kioo zilizotumika zinapatikana kwa bei ya kuvumilika, na kwa wengi wetu ndizo zitakazokwenda nyanjani mwaka 2026 jando litakaporudi.

Atakayekwenda nayo asiende kama nilivyokwenda. Ajaribu kwa bodaboda kwanza, achague ulengaji wa mfululizo, aamini kituo cha katikati, na aombe idhini mapema. Mvulana yule wa kwanza hatarudi mtoni tena kwa ajili ya tasnifu yangu. Nina sauti yake na majina ya waliomwimbia. Uso wake siku ile sina, na katika tasnifu ukurasa huo nimeuacha bila picha.